Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Kundi letu la simu, wahitimu wa udaktari, limekufa. Nimewatakia wiki njema. Kimya. Nimeweka picha ya mahafali, sote na majoho. Kimya! Watu tuliokuwa chanda na pete, tukaapa kuzikana, leo hata salamu hatupeani. Inaniuma, nasema kweli. Kiranja, aliyekuwa kiongozi wa darasa, kaniandikia pembeni kwamba watu wana kazi, niwaache. Siwaachi ng'o!

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua! Daktari hajibu salamu, lakini mpe ugonjwa usioeleweka uone. Nimebuni mgonjwa: mwanamume, tumbo linauma, homa inapanda na kushuka, nyayo zinawasha. Kundi limefufuka! Mkasi, mpasuaji wetu, anataka kupasua. Daktari wa watoto anasema minyoo. Kwake kila kitu minyoo. Kiranja kadai majibu ya damu. Nikayabuni nayo. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Machi
Njia ya mwongo ni fupi, eti. Yangu naona inanyooka tu. Kiranja ametangaza kesho wanakuja wote wodini kwangu kumwona mgonjwa. Wote! Tatizo dogo: mgonjwa hayupo. Nimemwomba Sista, muuguzi mkuu, aniazime mmoja. Kaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 7 Machi
Nimevaa gauni la wagonjwa, nikajilaza kitanda cha dirishani. Wakaja! Daktari wa watoto machozi yakamtoka: kwa nini nilificha kuwa mgonjwa ni mimi? Nusura nilie nami. Mkasi akanibonyeza tumbo kwa vidole vya barafu, nikaruka. Akawaambia wenzake, mmeona? Kiranja akaagiza dripu, nisile wala kunywa mpaka kesho. Kisha, kwa kuwa hawajaonana siku nyingi, wakaenda wote kantini kula. Nawasikia wakicheka hadi huku! Nimemsihi Sista anichomoe dripu, yeye si anajua mimi mzima? Anasema anajua sana, ila daktari akiandika mgonjwa asile, mgonjwa hali.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeruhusiwa. Kiranja ameandika kundini kuwa mgonjwa amepona, watu warudi kazini. Kimya tena. Nimekaa nikajichunguza bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona: nilichagua tumbo. Mgonjwa wa wiki ijayo ataumwa goti. Mwenye goti anakula.