Kisiwa Ambacho Asake Hajafika

Jumatatu, 3 Machi

Asake karudi. Mdogo wangu wa tumbo moja, karudi Ibadan kutoka Morisi alikomwoza mwanawe, na kofia ya majani kichwani. Kofia! Hapa hapa sokoni Gbagi, duka lake la vitambaa likitazamana na langu. Kawaonyesha wateja picha. Wateja wangu! Bahari ya buluu, mchanga mweupe, bibi harusi peku. Kisha akaniambia kwa upole kwamba walikuwa watu thelathini tu, waliochaguliwa. Nikampongeza. Wivu? Mimi? Thubutu. Kifua tu kiliniwaka, nadhani ni maharage.

Binti yangu Ireti anaolewa mwisho wa mwezi huu, ukumbi wa hapa hapa mjini. Nimeufuta jioni hii. Baba Ireti akauliza Ibadan ina kosa gani. Nikamjibu imezungukwa na nchi kavu pande zote. Akarudi kwenye redio yake.

Jumanne, 4 Machi

Kwa wakala wa safari, mtaa wa Dugbe. Kataja Shelisheli. Nikakataa, jirani yake Asake alishakwenda. Kataja Zanzibar. Nikauliza huko wanaozaje. Akasema bwana harusi huozwa msikitini, watu wakala pilau, wakaenda zao. Na noti za kumbandika bibi harusi kwenye paji la uso akicheza? Akasema hana hakika. Hana hakika! Tukaendelea. Kataja Sao Tome. Nikauliza swali moja tu: kuna mtu wa Gbagi aliyewahi kufika? Hakuna. Nikasema hicho hicho.

Ireti hakufurahi. Anataka bibi yake awepo, yaani mama yetu mimi na Asake. Ndiye aliyemlea. Mama hapandi ndege, anasema kitu kisichoshikwa na chochote hakikaliwi. Nikamwambia Ireti kwamba bibi ataona picha. Akanitazama, akaingia chumbani bila kula. Uchovu, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi

Akili nyingi leo! Asake alivalisha sare watu thelathini. Mimi nitavalisha soko. Nimetoa lesi ya zambarau, sare ya harusi ya Ireti, nikauza kwa kila anayetujua. Wauza pilipili wamechukua. Wasusi wamechukua. Chama cha kina mama wa kanisani wamechukua hadi robota likaisha. Asake alisimama mlangoni kwake akihesabu vichwa, midomo kaibana. Nimekula wali sahani mbili. Raha iliyoje!

Jumatatu, 10 Machi

Nimeula wa chuya.

Mama Sikira muuza pilipili kaja asubuhi kuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Nikauliza ndege gani. Akanyanyua lesi yake. Akaniuliza taratibu tangu lini mtu wa Ibadan anavaa sare ya harusi halafu anabaki nyumbani. Nyuma yake wasusi. Nyuma ya wasusi, mpiga ngoma, anataka kujua kama ngoma inakaa kiti chake peke yake au inapakatwa. Wa kanisani wameshagawana nani atabeba sufuria la wali.

Miaka yote hii nimevaa sare za watu. Sijawahi hata mara moja kurudi na njaa. Anayekuuzia sare amekuita, mtoto mdogo anajua hilo! Lakini nilikuwa namtazama Asake, sikuwa natazama lesi.

Jumatano, 12 Machi

Mpango mpya. Nimemnong'oneza Mama Sikira kwamba mimi nilitaka ndege kubwa, ila Asake, kwa kijicho, ndiye aliyenishawishi nichukue ndogo. Siri, nikasema. Mama Sikira akaapa. Nilijua itafika kwa Asake kabla ya adhuhuri, watu wakamvamie yeye.

Wamemvamia. Hakugomba. Hata hakukana! Kawaambia kama shida ni viti, uani kwake vipo, na mama yetu anaishi hapo hapo. Waje. Soko zima likampigia vigelegele. Mimi nikajifanya nakunja vitambaa.

Jioni Ireti kaja dukani, macho mekundu. Aliyosema nayaandika kama alivyoyasema.

"Mama, anayeolewa ni mimi, au ni wewe na Mama Mdogo? Nisipopiga magoti mbele ya bibi, siolewi. Nimeshamwambia Kolade."

Kolade, mchumba wake, kijana wa watu, kasema atangoja. Nikaogopa kweli. Nikamwona mwanangu anazeeka nyumbani kwa sababu ya kofia ya majani. Nikasema sawa, uani kwa Asake.

Jumamosi, 29 Machi

Zambarau tupu! Ua umejaa, barabara imejaa, watu mpaka juu ya ukuta. Lesi yangu, ua wake. Na sifa wanampa nani? Asake! Naye kavaa lesi ile ile, sijui kaipata wapi, tena imemkaa vizuri kunishinda.

Ireti akapiga magoti mbele ya bibi, kisha mbele yangu. Nilikuwa na maneno ya baraka niliyoyakariri. Yote yakapotea. Nikamshika kichwa nikalia tu. Akaninong'oneza, "Asante, Mama." Wallahi sikumkumbuka Asake hata kidogo.

Baadaye Asake akaja kukaa karibu yangu, kavua viatu. Akasema kule Morisi ngoma ilipigwa na redio, na mwanawe alicheza, akamaliza, hakuna wa kumbandika noti. "Dada, siku ile ulipouza sare sikupata usingizi. Nilikuonea wivu." Nikamshika mkono. Tukalia wote wawili. Yeye alilia vizuri zaidi, watu wakamletea leso.

Jumapili, 30 Machi

Maharusi wameondoka alfajiri kwenda kupumzika Badagry, mji wa pwani, mwendo wa gari tu kutoka hapa. Siku tatu, nyumba ya shangazi yake Kolade, wale samaki, walale. Ireti anameremeta.

Asake kapita baada ya ibada kuuliza wamekwenda wapi. Kauliza kwa upendo kabisa. Nikafungua mdomo niseme Badagry.

Nikasema Fiji.

Akashika kifua. Akauliza Fiji iko upande gani. Nikaonyesha kwa kidole, juu ya paa la Mama Sikira. Akaenda zake, hana raha. Nimelala mchana mtamu sana.

Sasa hivi Baba Ireti kaniambia Asake amefunga duka kwa wiki nzima. Anahitaji kupumzika, anasema. Kapanda gari la mchana, la Badagry.