Mgomba wa Maua na Bustani ya Shuka Moja

Lanet, Jumapili

Kwa Mheshimiwa Kogo, nyanya yake Kimberly,
Bahati.

Mama mpendwa,

Natumai wewe na ng'ombe mko salama. Sisi tuko, ila siku hizi hatuonekani kutoka barabarani. Nakuandikia kwa heshima zote kwa sababu kwa simu huwa unacheka halafu unakata.

1. Najua kwenu mtu haendi kuona mjukuu mikono mitupu, na mmea wa kuletewa haukataliwi. Mila nzuri sana. Lakini nyanya wengine huleta ndizi. Wewe ulileta mgomba, tena wa maua, usiozaa chochote. Ulisema haukui sana. Ni kweli, ulipofika kwa mabati ulipumzika kidogo, ukajikunja, ukaendelea.

2. Bustani yetu ni kama shuka ya kitanda, na hiyo shuka ndipo Kimberly alikuwa anatambaa juani. Wewe ulipima kwa macho ya shamba ukasema kuna kona imebaki. Mama, hiyo kona ndiyo ilikuwa bustani.

3. Zile kana zako za maua, ulizoahidi zitapamba mlango, sasa zinaufungua zenyewe. Mwanao Kipruto akitoka kazini anapiga hodi kwa majani kwanza. Naye, kwa vile ni mtoto mzuri, anasema zinaleta hewa safi. Yeye hafui nepi. Nepi zinakauka kwa zamu, maana jua limebaki la nepi moja. Jirani yangu Farhiya ameniuliza kama tunafuga nyani.

4. Halafu zile nyasi za manyoya, eti za kujaza nafasi. Nafasi gani? Mtoto anatambaa jikoni kwa simiti, magoti yamechubuka.

Kwa hivyo naomba tubadilishane. Mimea ibaki Lanet, tuiachie hata kitanda. Sisi watatu tuhamie Bahati, utupande mahali pana, utumwagilie jioni.

Msalimie Baba, shangazi Cheruto, kina mama wote wa kanisa, na yeyote anayekusudia kukupa mche.

Ni mimi mke wa mwanao, nikiandika kutoka kivulini,
Chepkosgei

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimemtoa mtoto nje kidogo. Mama! Ameukumbatia mgomba, akajivuta, akasimama! Hajawahi! Ameachilia, ameanguka, sasa analia arudishwe mgombani. Ukija Jumamosi leta mwingine, na usiwe mdogo. Tutaupanda hatua moja kutoka kwa huu.