Kilatini Kimeingia Shambani Mwangu

Kwako Mwalimu Mkuu,

Salamu kutoka huku juu, ambako ukungu umekaa siku ya tatu na kabichi zinaendelea vizuri. Mimi ni Athanas, mjomba wa Editha wa kidato cha pili. Kwa kuwa wewe umehamia kutoka mbali, nakufahamisha kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ni ya ukoo huohuo, na mjomba ndiye msemaji. Kwa hiyo anayelalamika hapa si mtu wa pembeni.

Mwalimu Witness anawafundisha watoto Kiingereza kwa kufuata asili ya maneno. Anasema ukijua Kilatini kidogo, neno moja linakufungulia ishirini. Sikuwa na kinyongo. Mimi mwenyewe nimeimba bezi kwenye kwaya ya parokia miaka ishirini na sita, Kilatini kila Pasaka, bila kuelewa hata neno moja, na hakuna aliyepoteza shamba. Hicho ndicho Kilatini chenye adabu. Cha Mwalimu Witness kimenidhuru kama ifuatavyo:

1. Wiki ya kwanza walisoma "portare", yaani kubeba. Editha akarudi na orodha: transport, export, report. Nilifurahi, nikamnunulia daftari. Kumbe mwishoni mwa orodha ameweka "support", akatueleza wakati wa kula kwamba asili yake ni kubeba kitu ukiwa chini yake. Sasa Mwalimu, kijiji kizima kinanijua mimi kama sapoti ya dada yangu Ester, mama yake Editha. Mtoto akaniuliza, kwa heshima zote, ni tenga gani la kabichi nimewahi kulishusha gulioni Mlali. Matenga huyashusha Ester, kichwani, tangu alipofiwa na mumewe. Kazi yangu ni kumhimiza awahi. Ugali ulinishinda siku hiyo.

2. Wiki ya pili ikawa "terminus", alama ya mpaka, ambayo eti imezaa term, terminal na determine. Zoezi la nyumbani: nenda kwenye mpaka ulio karibu nanyi, umuulize mzee ni nani aliyeuweka. Enzi zetu zoezi lilikaa kwenye daftari. Kati ya sehemu ninayolima mimi na ya Ester kuna mstari wa isale, mmea wetu wa mipaka. Isale ni kitu hai, na kitu hai huweza kusogea hatua moja kila palizi. Nimepalilia misimu minane.

3. Editha akamshika mkono Bibi Leokadia, mama yetu mdogo, ambaye haoni vizuri, wakashuka shambani. Akamweleza kwamba neno hufuatwa kinyumenyume, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama, mpaka kwa mama wa kwanza. Bibi akasema hayo yanajulikana hapa tangu zamani, na kwamba hao Walatini bila shaka walilelewa na wajomba. Kisha akagonga fimbo yake hatua nane ndani ya kabichi zangu, likaitika jiwe la mpaka ambalo marehemu mama yangu alilichimbia pale kwa mkono wake.

4. Ubaya unaenea. Kufikia juzi wajomba wengine watano wamewaona wapwa zao wakizunguka mashambani na vikongwe. Nasikia neno la mwezi ujao ni "veritas", yaani ukweli. Mwalimu, kijiji hiki hakina nguvu za kustahimili neno hilo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba Kilatini kirudishwe kanisani. Maneno ya Kiingereza yakaririwe mojamoja, kama sisi tulivyoyakariri na kuyasahau kwa amani. Mwalimu Witness apewe somo lisilo na madhara. Jiografia haifai, ina ramani. Bila hivyo sitatia sahihi fomu ya Editha ya kwenda mjini Morogoro kwenye mashindano ya Kiingereza. Najua mtoto huyu hajawahi kutaka kitu kama anavyotaka hicho, na inaniuma kuyaandika haya, maana nampenda.

Wasalimie walimu wote, mpishi na mlinzi wa getini.

Wako katika ulinzi wa mila,
Athanas, Mjomba

Baada ya kuandika: Barua hii nilimpa Editha aishushe, kama ambavyo kila kitu changu hushushwa na mtu mwingine. Leo Ester ameamka shingo inamuuma. Mtoto akaisokomeza barua kwenye tenga la mama yake, akajitwisha, akaondoka na sare zake za shule. Nilivumilia mpaka alipofika kona ya pili, nikamkimbilia, nikamtua. Namalizia hapa gulioni Mlali na shingo yangu haigeuki. Tenga ni zito, Mwalimu. Sikujua, na naona haya kwamba sikujua.

Isale zitarudi kwenye jiwe la mama. Fomu imo humu ndani, nimetia sahihi. Kuhusu Mwalimu Witness, naomba Jumamosi apande huku na darasa zima, na lile neno la ukweli aje nalo mapema, asingoje mwezi ujao. Waanzie kwa Alois, jirani yetu wa upande wa juu, ambaye amepalilia misimu mingi kuliko mimi. Bibi Leokadia atawaongoza. Kiti chake nitakibeba mimi.