Mwenyeji wa Ziwa

Alhamisi, 6 Agosti

Mama mkwe anakuja kesho jioni. Siku mbili tu, anasema, aone jiji letu na ziwa lake. Mimi najua kinachomleta. Binti yake wa mwisho anaolewa mwezi ujao, baba mkwe ni marehemu, na lazima mkwe mmoja asimame kuisemea familia siku ya arusi. Ama mimi, ama mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Mwaka jana mama alikaa kwake wiki nzima, akarudi anamsifu mpaka leo. Eti mpole. Eti msikivu. Hata kigoda ni kipole!

Mimi nina ziwa. Miaka kumi na miwili nimemwambia mama kwa simu kwamba jiji hili nalijua kama kiganja changu. Nahodha wa boti ya kisiwani, nilisema, ni rafiki yangu, tulicheza naye mpira tukiwa vijana. Pengine nilitia chumvi.

Basi, humu asomaye ni mimi tu, niseme kweli. Sijawahi kufika gatini. Natoka nyumbani, naenda kwenye stoo ya duka la rangi ninakofanya kazi, narudi. Ziwa naliona kupitia dirisha la choo cha kazini, tena nikisimama kwa vidole vya miguu.

Mke wangu kauliza nitampeleka mama wapi. Nikamwambia atulie.

Ijumaa, 7 Agosti

Akili ni mali yangu! Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda gatini asubuhi, nikalifuata kundi la wageni kwa nyuma. Kiongozi wao ni mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu na sauti ya kuamsha mtaa. Vituo vitano: gati, soko la samaki, makumbusho, bustani, kilima. Kila kituo ana hotuba yake. Nimezinakili zote tano.

Kwenye bustani aligeuka akaniuliza mbele ya watu kama mimi ni wa kundi lake. Nikamjibu mimi ni mkaguzi wa rangi, nakagua mabenchi. Nikakwaruza moja kwa ukucha. Kaamini.

Mchana kutwa nimekariri, kama tulivyokariri shuleni, moja mpaka tano bila kuvuta pumzi. Mama kafika jioni na kikapu chake. Nikamwambia apumzike, kesho ataona mambo.

Jumamosi, 8 Agosti

Balaa!

Mama kaamka na lake. Magoti hayapendi kupanda jua likishakuwa kali, kwa hiyo tuanzie kilimani, tushuke polepole hadi gatini. Mke wangu akasema ni wazo zuri. Msaliti.

Tatizo nililigundua kileleni. Hotuba nilizikariri kwa mpangilio, na nikiruka kichwa, mkia hauji. Nilijaribu ya tano. Kichwa cheupe! Mama anangoja. Ningekaa kimya ningeonekana sijui. Nikafungua mdomo, ikatoka ya kwanza. Nikamwambia mama, tukiwa juu ya kilima, kwamba hapa ndipo boti zinapofunga, na asisogee ukingoni asije akalowa.

Mama akasema, ehee.

Bustanini nikamweleza kwamba hapa samaki hupimwa kila alfajiri, makreti mia. Mama akainama, akalitazama ua moja kwa muda mrefu.

Makumbusho, ajabu, mambo yakalingana! Ni kituo cha tatu ukitokea juu, cha tatu ukitokea chini. Nikamwaga hotuba nzima, mitumbwi ya kale, nyavu za kale, usiguse. Kichwa kikavimba. Mke wangu mwenyewe alishtuka.

Kisha soko la samaki. Maji ya magamba yanapita miguuni, na mimi namwambia mama avute pumzi apate harufu ya maua haya, na tafadhali asichume hata moja. Muuza samaki akamuuliza mama taratibu kama huyu baba ni mzima.

Gatini, maji yakitugusa viatu, nikanyoosha mkono nikasema kutoka huku juu unaliona jiji zima chini yako.

Mama kasema amechoka, twende nyumbani.

Jumapili, 9 Agosti

Bado kulikuwa na boti. Mwanyumba hana boti.

Tukiwa tunasubiri kupanda, mama alishika ukingo wa chuma wa gati, rangi ikabaki mkononi. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia hii ni rangi ya kuta za ndani, mtu kaipaka juu ya kutu bila kupiga msasa, mvua mbili tu itakuwa imeisha yote. Mama akageuka kunitazama. Akauliza msasa gani ungefaa, na kabla ya rangi kunapakwa nini. Kwa mara ya kwanza tangu afike aliuliza swali. Nikaona aibu kumchosha mgeni na habari za stoo, nikamwomba radhi, nikarudi kwenye mambo ya maana.

Akasema basi amsalimie yule rafiki yangu nahodha.

Nikaangaza macho huku na huku. Nikamwona baba mmoja mwenye kofia nyeupe, nikamkumbatia kwa nguvu, nikamkumbusha mabao yetu. Maskini, alikuwa abiria, anauza magodoro. Nahodha akatokea ndani akiuliza kuna nini. Nahodha ni mwanamke. Umri wake hata thelathini haujafika.

Mama akampa mkono, akamwambia nasikia, mwanangu, ulicheza mpira na mkwe wangu.

Kama hiyo haitoshi, nyuma yetu ukafunguka mwavuli mwekundu. Sauti ile! Mkaguzi wa rangi, leo umelipa au unafuata tena kwa nyuma?

Niliumbuka. Safari nzima niliinamia maji nikitapika, na afadhali, maana sikulazimika kutazama uso wa mtu. Mama alinishikia shati mgongoni nisianguke. 

Jumatatu, 10 Agosti

Mama kaondoka. Msemaji ni mwanyumba.

Nilikimbilia chumbani nikakaa kitandani. Niseme wazi, imeniuma. Nilishajiona nimesimama pale, ukumbi mzima kimya.

Mke wangu akanieleza, kwa upole kuliko ninavyostahili. Mwaka jana mama alimuuliza mwanyumba soko liko upande gani, katika mji wake mwenyewe. Akajibu sijui mama, tuulize. Wakauliza, wakafika. Mama anasema mtu anayeweza kusema sijui unaweza kumkabidhi familia.

Kumbe! Ndiyo siri yake! Mjanja yule!

Jumamosi, 15 Agosti

Mazoezi siku ya nne, mbele ya kioo. Unainamisha kichwa kidogo. Unanyamaza, unahesabu mpaka tatu. Kisha: sijui, mama. Bosi kaniuliza rangi ya kijani imebaki makopo mangapi. Sijui. Kaniuliza basi stoo nafanya nini. Sijui. Nimepewa barua ya onyo, lakini sauti imekaa vizuri.

Alhamisi, 20 Agosti

Siku yangu!

Mama kapiga simu wakati mke wangu anapika. Mwanyumba kapangiwa safari ya kazi wiki ya arusi, hatakuwepo. Mama akasema amefikiri sana. Amekumbuka vile nilivyomweleza habari ya rangi pale gatini, akajua nikitaka naweza kusema jambo likaeleweka. Je, nitaweza kusimama kuisemea familia?

Nikasimama wima. Nilikuwa tayari. Nikainamisha kichwa. Nikahesabu mpaka tatu.

Nikasema: sijui, mama.

Mama akauliza kama kweli ndivyo ninavyotaka kumjibu. Nikamwambia hilo nalo sijui.

Akashusha pumzi, akanishukuru kwa kusema ukweli, akasema basi atamwomba mjomba wa mke wangu, ingawa masikio yake hayasikii vizuri. Akakata.

Mke wangu kasimama na mwiko mkononi, ananitazama, hasemi. Furaha imemziba mdomo. Mwanyumba alisema sijui mara moja. Mimi nimesema mara mbili katika simu moja! Huyo mjomba katajwa kwa kunipima tu, mama atapiga tena, labda kesho.

Hotuba nimeshaianza. Kurasa sita, na bado niko kwenye historia ya ziwa.