Pepo wa Kiitaliano na Mafuta ya Salad

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya mama mkwe. (Si kihalisi. Afadhali ingekuwa kihalisi.)

Jumatatu naanza kazi mpya hapa Embu mjini, na binti yangu hana wa kumwangalia. Mama mkwe akakubali kutoka Timau, huko Meru, aje akae naye. Mtoto tumempa jina lake, kwa hivyo huyo mtoto mimi humwita Cucu, yaani nyanya. Jina la mama mkwe halitajwi. Tangu niolewe sijawahi kulitaja.

Alisema atafika jioni. Basi mchana nikamlaza mtoto, nikafagia, kisha nikajiwekea filamu ya zamani ya Kiitaliano ambayo hakuna mtu anaijua. Jumba kuukuu, picha ya kizee ukutani, na katoto kanakoanza kuongea kwa sauti ya huyo kizee. Mimi huyo kwa kochi, mto kifuani.

Mara nikasikia sauti ya kizee. Si kwa TV. Chumbani kwa mtoto wangu! Inaimba Kimeru, na mtoto wangu hajui Kimeru hata salamu.

Kusema kweli nilikuwa mtulivu. Mafuta ya upako sina, nikachukua ya salad jikoni. Nikasukuma mlango, nikafunga macho, nikamwaga.

"Toka, kizee wewe! Mwachilie Nkatha! Nkatha, amka!"

Nikafungua macho. Mama mkwe ameketi kitandani na koti lake la baridi ya Timau, mjukuu mapajani, mafuta yanatiririka kwa kitambaa cha kichwa. Alikuwa amefika mapema, akapitia mlango wa jikoni kama mtu wa nyumbani.

Mafuta hakuyaulizia. Aliuliza, "Umeniita nani?"

Woi! Nkatha ndilo jina lake, na nimelitaja mara mbili. "Mama, pole sana, nilidhani ni pepo."

"Pepo gani?"

Nikamwonyesha TV. Akamwangalia yule kizee wa ukutani, akaniangalia mimi, akaangalia begi lake. Nikaona kazi yangu inarudi Timau na hilo begi. Machozi yalikuwa hapa.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Nataka kumwona vizuri huyu umenifananisha naye."

Sasa amekaa mahali pangu, kitambaa changu kichwani, chai mkononi. Amesema atabaki. Lakini kila mara yule kizee wa filamu akitokea, ananigeukia: "Mafuta yako wapi?"

Naomba msicheke. Mafuta yameisha, tunakula viazi vya kuchemsha.