Ukungu Katika Chumba cha Koko

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Maji ya mafuriko yametoka ndani ya nyumba tangu juzi. Kijito cha hapa Muheto kimerudi mahali pake, kimya, kama mtu ambaye hakufanya lolote. Kimetuachia matope, harufu, na ukungu. Si ule unaolala juu ya malisho asubuhi. Huu uko ukutani, katika chumba ninacholala na Koko. Madoa meusi, mengine ya kijani. Nimeyatazama saa nzima. Moja linafanana na Afrika bila Madagaska. Ni mazuri kidogo, Mungu anisamehe.

Koko Daphrose, mama yake Papa, yuko hospitali ya Mweso kwa sababu ya kifua. Anatoka Jumamosi. Daktari amesema asilale penye ukungu hata siku moja. Chumba kisipokauka, atapelekwa Nyabiondo kwa shangazi Mukundwa, na huko atabaki. Papa alisema hivyo akikwangua matope kwenye buti, bila kunitazama.

Koko akienda, nitamsomea nani? Yeye husikiliza hata ukurasa wa yaliyomo.

Nimeamua. Nitakiokoa chumba mwenyewe. Kwa sayansi.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Binamu yangu Nadine, jirani yetu, ameanza kusafisha kwao. Glavu, buti, kitambaa puani. Ametupa godoro lililolowa, amefungua madirisha yote, anasugua kuta kwa sabuni. Basi. Hakuna wazo hata moja ndani yake.

Papa ameniambia nifanye vile vile. Nikasema ndiyo, Papa. Nikaenda kufikiri. Godoro la Koko nimeliacha humo humo, maana nikiliegemea nafikiri vizuri, ingawa mgongo unalowa.

Wazo likaja mchana. Koko huosha vyombo vyake vya mti vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe, kisha huvifukiza moshi, na maziwa hayaharibiki. Javeli nayo, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, huua mikrobi, tumesoma darasani. Kwa hiyo: mkojo na javeli pamoja. Koko na kemia katika ndoo moja! Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria? Nimeona jina langu katika kitabu cha shule, chini ya picha ndogo: Umutoni, wa Muheto.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Tangu alfajiri nilisimama nyuma ya Bihogo na ndoo. Bihogo ni ng'ombe asiye na haraka. Nilisoma kurasa kumi na nne. Malisho yote yalikuwa meupe, vilele vya vilima vinaelea, nikajisahau, nikafikiri nimesimama mbinguni. Bihogo akakojoa wakati huo huo. Kando ya ndoo.

Nadine alipita akienda kuchota maji. Akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "We Umutoni, maziwa njo inatoka upande ule?" Nilipata jibu zuri sana saa nne baadaye, nikiwa peke yangu.

Jioni Bihogo akakubali. Nusu ndoo. Asubuhi nilikosa masomo mawili, lakini nusu ndoo.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Nilimimina javeli ndani ya mkojo. Kwanza povu. Kisha mvuke, nikadhani ukungu wa kilimani umeingia kunipongeza. Kisha macho yakawaka na koo likafunga. Papa aliingia kunivuta, akatoka akikohoa kuliko mimi.

Papa Esdras, muuguzi wa senta ya afya, alikuwa akipita na pikipiki yake. Alituweka kwenye hewa safi, akatuosha macho kwa maji mengi, ndipo akauliza kwa upole ndoo iko na nini. Nikamwambia.

"Mutoto ya masomo," akasema.

Akasema javeli haichanganywi na kitu chochote ila maji. Ikichanganywa na mkojo inatoa hewa ya sumu, na mtu anaweza kufa. Akaniambia niandike. Nimeandika. Hakuna kuingia chumbani hadi kesho.

Nadine alikuja kutuona. Akauliza kama ukungu umekufa, ao ni mimi tu nilitaka kufa.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Koko amefika kwa pikipiki, amefungwa blanketi hadi masikioni. Akanusa mlangoni. Papa akamweleza yote. Koko akacheka hadi akakohoa, na kikohozi kikakataa kuisha. Mkono wake ulikuwa umeshika bega langu, na ulikuwa mwepesi mno.

Alipopata pumzi akasema, "Hata Bihogo iko na akili ya kukojoa inje."

Papa alitaka pikipiki iendelee moja kwa moja hadi Nyabiondo. Koko akakataa kupanda tena. Atalala kwa akina Nadine, kwao kumekauka. Chumba chetu kikiwa tayari Alhamisi, atarudi. Kisipokuwa, ataenda kwa shangazi bila ubishi.

Nadine ndiye anayemsomea sasa. Nimesikiliza dirishani. Anasoma kama anahesabu viazi.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Tangu Jumapili tumefanya kazi watatu, Papa, Nadine na mimi. Godoro limetupwa. Matope yametolewa. Glavu, sabuni, maji safi, madirisha wazi mchana kutwa. Leo mchana Papa Esdras amepitisha kiganja ukutani. Akasema ukuta umekaribia kukauka, bado siku moja tu ya upepo, na mzee anaweza kulala.

Siku moja tu! Wakaondoka wote wameridhika. Nikabaki katikati ya chumba nikikitazama. Upepo wa siku tatu ulikuwa humo, unanuka majani na mvua ya mbali, pazia linapumua polepole. Nikafikiri: umeingia kwa madirisha. Na madirisha bado wazi. Nani anauzuia usitoke?

Hakuna aliyeona hilo. Hata muuguzi.

Nimefunga madirisha yote. Nimeziba nyufa kwa vitambaa, nimevilowesha kwanza ili vishike vizuri. Chumba kimetulia, kuna joto zuri kama la kitandani. Kesho Koko ataukuta upepo wote humu ndani.