Kindi wa Pili

Jumanne, 4 Machi
Nimemwona! Jua linazama, nimejilaza chali juu ya meza ya kukatia vitambaa, natazama dirishani. Kindi katoka kwenye tundu la mti wetu, katandaza ngozi ya mbavuni, akaelea mpaka paa la bafu. Polepole, kama leso iliyoponyoka kambani. Nikasahau pasi juu ya suruali ya mteja. Nikampigia simu baba mkwe kumweleza. Kosa. Miaka kumi na moja ananiita "yule fundi". Kasema kindi haruki, na Jumamosi atakuja kuangalia mwenyewe. Asipomwona, atajua binti yake kaolewa na mwongo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwaga karanga dirishani. Kunguru wamezimaliza. Nikaning'iniza ndizi. Mke wangu kasema mvumilivu hula mbivu. Mbivu zimeliwa na siafu. Jirani, mwalimu mstaafu, kachungulia juu ya ukuta kunijulisha kwamba kindi wana akili, huchagua majirani. Kwake eti wanakuja kila jioni. Simpendi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilisinzia kwenye cherehani. Nikaota nimekuwa mwepesi, naelea juu ya mapaa, na watu chini wananipungia mkono. Nikaamka nimeshona koti la mikono mitatu. Jioni nikakaa chini ya mti kumngoja kindi. Upepo ukalala, majani yakalala, nami nikalala.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna kindi, lakini kitambaa kipo. Nimeshona mmoja wa koduroi ya kahawia, macho ya vifungo, tumbo la pamba. Kamba inatoka mtini hadi paa la bafu. Imenibidi nimwombe mwalimu avute. Kakubali haraka mno. Mke wangu kanikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nimeipima. Mita kumi na mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mkwe kaketi uani, fimbo magotini. Mwalimu kavuta. Kindi wangu kafika nusu ya njia, akapinduka, akaning'inia miguu juu, pamba inamdondoka. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo akashuka mwingine, kutoka juu kabisa. Wa kweli! Akapita vichwani mwetu bila sauti, mwanga wa jioni ukipenya ngozi yake, akatua ukutani, akatutazama, akapotea. Machozi yalinilenga, sioni haya kusema.

Baba mkwe kasimama, kanishika mkono. Kasema yule wa kwanza ni takataka, lakini huyu wa pili nimemshona kweli kweli, hata ndevu zinacheza. Kaniita mwanangu. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikasikia unasema asante baba, ni kazi ya mikono tu.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe kapiga simu. Anataka mmoja kama yule wa pili, awaonyeshe ndugu zake. Mke wangu kasema nimwambie ukweli leo, kabla maji hayajazidi unga. Nimemsikiliza vizuri sana. Kisha nikamwahidi mzee kwamba Ijumaa atampata, tena nitamtengenezea na watoto wawili.